UZI: Kigari cha watoto wawili (kichanga na mkubwa wake) kwa mazingira ya Mtwara, kipi kinafaa?

#1 Baba_Chuno
Wakuu, habari za jioni. Naombeni ushauri kwa wanaovijua hivi vigari.

Mkubwa ana mwaka mmoja na miezi minane, kilo 11. Mdogo anatarajiwa mwezi ujao, na daktari amesema kuna uwezekano wa operesheni. Tupo Chuno. Kutoka nyumbani hadi lami ni kama mita 300 za mchanga, mvua ikinyesha zinakuwa tope. Safari za kawaida ni kliniki Ligula, soko kuu, na wikiendi Mikindani kwa bibi yao. Gari sina, ni bajaji tu.

Nimeona viwili vya mtumba. Cha kwanza watoto wanakaa ubavu kwa ubavu, magurudumu madogo mapachamapacha, chepesi, kinakunjika kama mwavuli. Cha pili mmoja anakaa mbele na mwingine nyuma, magurudumu matatu makubwa ya upepo, ila ni kizito. Bei zinakaribiana. Nichukue kipi?

#2 gurudumu_12
Mkuu, kwa hizo mita 300 za mchanga cha kwanza kisahau. Gurudumu la inchi 6 au 7 halipandi juu ya mchanga, linauchimba. Linasukuma kilima kidogo mbele yake, kilima kinakua, na kwa kuwa uzito wa watoto wote upo juu yake, kigari kinasimama ghafla wakati mikono yako bado inasukuma. Hapo ndipo vigari vinapobinukia mbele. Yale mapacha ya mbele yana tatizo lingine: kokoto inanasa katikati ya magurudumu mawili, linagoma kugeuka, na kigari kinaanza kuvuta upande.

Kwa barabara zetu tafuta nyuma inchi 12 au zaidi na mbele isipungue inchi 10. Gurudumu la mbele liwe na kitufe cha kulifunga lisizunguke. Kwenye lami unaliachia lizunguke ili ukate kona kwa urahisi. Ukifika kwenye mchanga unalifunga linyooke, la sivyo linageuka kiubavu na kuwa breki. Mchanga ukiwa mzito kabisa, kama ule wa ufukweni Msangamkuu, usisukume. Geuza kigari uvute kinyumenyume, magurudumu makubwa ya nyuma yatangulie.

Upana wa tairi nao una maana yake. Tairi limeandikwa ubavuni, mfano 12½ x 2¼. Namba ya pili ndiyo upana kwa inchi. Chini ya inchi 1¾ kwenye mchanga utatoka jasho.

Kuna matairi ya aina tatu. Ya upepo yanameza mashimo vizuri ila yanapata pancha. Ya sponji ngumu hayapati pancha ila ni magumu kidogo kwa kichanga. Halafu kuna ya plastiki tupu, hayo ni ya sakafu ya vigae. Ukigonga kwa kucha utasikia.

#3 KoroshoSafi
Siku hizi mbeleko zimeisha madukani? Mkubwa kwenye kigari cha mmoja, mdogo mbeleko. Hiyo hela nyingine nunua saruji.

#4 gurudumu_12
Korosho, unatania lakini hoja ipo. Kigari kizuri cha mmoja chenye magurudumu makubwa pamoja na mbeleko ni jibu sahihi kwa nyumba nyingi za huku, hasa kwa anayepita vichochoro vya Mikindani. Kuta zile za zamani zimebanana, na sehemu nyingine kuna baraza na ngazi zinazotokeza njiani. Kigari kipana kinaishia hapo.

Ila kasema operesheni. Nesi akipita atueleze.

#5 NesiKusini
Nimepita. Baba, kongole kwa matarajio.

Kwanza mama. Baada ya operesheni, ushauri wa kawaida ni asinyanyue kitu kizito kuliko mtoto mwenyewe kwa wiki kama sita. Kigari cha watoto wawili kina kilo 12 hadi 18 kikiwa kitupu. Kwa hiyo kwa kipindi hicho kukikunja, kukipandisha kwenye bajaji na kukivusha mtaro si kazi yake kabisa. Panga mtu wa kufanya hivyo kabla hujapanga kigari. Kusukuma kwenye lami tambarare ni jambo jingine, ataanza atakapojisikia na akiruhusiwa. Mbeleko nayo fundo lisikae juu ya mshono. Ifungwe juu, mtoto akae kifuani.

Kichanga kwenye mbeleko awe mbele, wima, uso unaonekana ukiinamisha macho, na kati ya kidevu na kifua chake pawe na nafasi ya vidole viwili. Kidevu kikilalia kifua njia ya hewa inabanwa, na kichanga hana nguvu ya kuinua kichwa. Mgongoni asubiri shingo ikaze, mara nyingi miezi mitatu hadi minne.

Sasa kigari. Hili la kulala ndilo watu wanalipita haraka kwa sababu dukani kila kiti kinaitwa "kinalala". Mtoto wa chini ya miezi sita anatakiwa alale chali, au karibu kabisa na hapo. Kiwango cha Ulaya cha vigari, EN 1888, kinadai kiti cha kutumika tangu kuzaliwa kifunguke nyuzi 150 au zaidi kati ya kikalio na kiegemeo. Unapimaje bila kifaa? Simu nyingi zina programu ya kupima usawa. Laza kiti hadi mwisho, hakikisha kikalio kiko tambarare, weka simu juu ya kiegemeo. Ikisoma nyuzi 30 au pungufu kutoka usawa wa ardhi, kinafaa. Ikisoma 40 au 45, hicho ni kiti cha mkubwa kupumzikia, kichanga usimweke.

Na wala usijazie mto au godoro la ziada ili kupata usawa. Mto unamsukuma kichwa mbele, na pembeni unaacha mwanya wa kuzamisha uso.

#6 Baba_Chuno
Nesi shukrani sana. Hicho cha mbele na nyuma muuzaji anasema kinalala "chote". Sikupima.

#7 Mwera_halisi
Baba, kwenye vigari vya mbele na nyuma uliza KITI GANI kinalala. Mara nyingi ni kimoja tu. Ikiwa kinacholala ni cha nyuma kilichopo chini, kichanga atakaa karibu na ardhi, vumbi lote la magurudumu linamwishia, na paa la kiti cha mbele linakuzuia kumwona. Ikiwa kinacholala ni cha mbele, kikilala hadi mwisho kinamkandamiza magoti yule wa nyuma. Kwa hiyo jaribu vyote viwili kwa pamoja, cha kichanga kimelazwa kabisa na mkubwa amekaa. Muuzaji atakuonyesha kimoja kimoja kwa zamu, ndipo vyote vinaonekana sawa.

Halafu utaratibu wa kupandisha. Breki kwanza. Kiti cha nyuma kikiwa na mtoto wa kilo 11 na cha mbele kitupu, vingi vinataka kubinuka kwa nyuma, hasa kama umeshatundika mfuko wa viazi kwenye mpini. Soma karatasi yake kama ipo. Kama haipo, shika mpini kwa mkono mmoja umpandishe wa mbele kwanza, na wakati wa kushusha uanze na wa nyuma. Mizigo iende kapu la chini. Kwenye mpini hakuna kitu, hata nailoni ya nyanya.

#8 Bi_Shangani
Mimi ni wa ubavu kwa ubavu, mnisamehe. Watoto wote unawaona, wote wanapata upepo, na ukitaka kupanda kona ya kivuko cha mtaro unabonyeza mpini mara moja mbele inanyanyuka. Cha mbele na nyuma ni kirefu. Kukinyanyua mbele ni lazima ubebe uzito wa aliyekaa mbele. Na mkubwa wa mwaka na miezi minane akikaa nyuma ya mwenzake hana cha kuona zaidi ya kitambaa, atapiga mateke safari nzima.

Shida yake ni upana. Vingi ni sm 72 hadi 80. Vipo vyembamba: Mountain Buggy Duet ni kama sm 63, Bugaboo Donkey ikifunguliwa ya wawili ni sm 74 na ikiwa ya mmoja sm 60. Ila hizo ni bei nyingine, ukizikuta mtumba ni bahati.

Kwa hiyo usiulize kigari kina upana gani kabla hujapima mlango wako. Na pima uwazi, si fremu. Mlango wa futi 3 ni sm 91. Toa fremu pande zote mbili, toa unene wa ubao wenyewe ukiwa umefunguka nusu tu kwa sababu ya kabati nyuma yake, unabaki na sm 77 hivi. Geti la nondo ndilo baya zaidi, maana bawaba na komeo vinachomoza kwa ndani. Pima hapo penye komeo.

#9 Baba_Chuno
Nimetoka kupima sasa hivi. Mlango wa mbele uwazi sm 78. Geti dogo sm 74 penye komeo. Mlango wa uani sm 69.

#10 Bi_Shangani
Basi mwisho wako ni sm 71 kama unataka kupita getini bila kuchubua mikono. Acha sm 1 na nusu kila upande. Ukisema "74 inaingia 74", siku ya kwanza tu utaacha ngozi ya vidole kwenye nondo. Au uhamishie komeo upande wa nje, kazi ya fundi geti nusu saa.

#11 Fundi_Magomeni
Kabla hela haijatoka mfukoni, mtumba unakaguliwa hivi. Nenda na vitu vitatu: mfuko wa sembe kilo 10, mchele kilo 3, na kitambaa cheupe.

Kwanza kifungue mwenyewe, muuzaji asikusaidie. Kikiisha kufunguka lazima usikie mlio wa kufuli kuu, na pawe na kufuli la pili, ndoano au kitufe, linalozuia kisijikunje mtoto akiwa ndani. Mlio mmoja tu na hakuna kufuli la pili, acha. Halafu shika mpini utikise kwenda juu na chini. Mchezo kidogo ni kawaida. Ukisikia "ka, ka, ka" kwenye maungio, ribiti zimekula matundu na fremu itazidi kulegea.

Weka sembe kiti cha mkubwa, mchele kiti cha kichanga, funga mikanda. Sukuma kwa mkono mmoja hatua ishirini kwenye sakafu tambarare. Cha ubavu kwa ubavu kitavuta kuelekea upande mzito, hilo haliepukiki, lakini kiweze kurudi kwa nguvu ya kiganja. Kikihitaji mikono miwili kwenda mbele tu, ujue ekseli imepinda au beringi moja imekufa. Inua nyuma, zungusha kila gurudumu. Lizunguke kimyakimya na kusimama polepole. Likikwama au kuyumba kama sahani, uliza bei ya gurudumu kwanza.

Breki ijaribiwe na mzigo huohuo kwenye mteremko. Mtwara mjini ni tambarare, lakini njia ya kupandisha magari ya gereji yoyote inatosha, na waliopo Mikindani wanayo njia ya kupanda Boma. Kanyaga breki, achia huku mkono ukiwa karibu, subiri dakika nzima. Breki ya vigari vingi ni pini inayoingia kwenye meno ya gurudumu. Meno ya plastiki yakilika, pini inashika kisha inateleza baada ya sekunde kadhaa, ndiyo maana nasema dakika nzima.

Mikanda iwe ya pointi tano: mabega mawili, kiuno pande mbili, na katikati ya mapaja. Pitisha kitambaa cheupe juu ya mkanda kwa nguvu. Kikitoka na unga wa rangi, jua limeshaula. Mkunje mkanda kidole hadi kidole, nyuzi zikivunjika ukingoni ubadilishwe. Fundi viatu anaweza kushona mpya kwa utepe wa mkanda wa gari, ila mshono uwe wa mraba wenye msalaba ndani, uzi wa nailoni. Mstari mmoja wa cherehani hautoshi. Kifungio ukibonyeze mara kadhaa. Kikijaa mchanga kinadanganya kuwa kimefunga.

Mwisho, plastiki. Ikiwa imepauka na kutoa unga mweupe ukisugua, ilishinda juani na itapasuka bila kukuambia.

#12 KoroshoSafi
Fremu ikikatika si inachomelewa tu? Mafundi wamejaa.

#13 Fundi_Magomeni
Kwanza ijue ni chuma au aluminiamu. Weka sumaku. Ikishika ni chuma, inachomeleka ingawa bomba ni jembamba na fundi asiye na mkono mwepesi atalitoboa. Isiposhika ni aluminiamu, na mashine ya kawaida ya vijiti vya chuma haichomelei aluminiamu. Inahitaji mashine ya gesi ya argoni na mtu anayeijua. Hata ikishika, sehemu iliyopata moto inabaki dhaifu kuliko bomba lililobaki. Fremu iliyokatika karibu na ungio, mimi sitii mkono. Ribiti iliyokatika ni jambo dogo: toa, weka bolti ya kipenyo kilekile na nati yenye nailoni ndani, kaza hadi mwisho kisha rudisha robo mzunguko ili ungio likunjike.

#14 Mwera_halisi
Niongezee kwa wa mitumba. Kama unakutana na Maclaren za mwavuli, vile vya kukunja, geuza uangalie bawaba za pembeni. Novemba 2009 kampuni hiyo ilitangaza marekebisho ya vigari takribani milioni moja vilivyouzwa Marekani kwa sababu bawaba zilikuwa zinaweza kukata ncha ya kidole cha mtoto wakati wa kufungua na kukunja. Vya watoto wawili, Twin Triumph na Twin Techno, vilikuwemo. Suluhisho lilikuwa vifuniko vya kitambaa vya kufunika bawaba. Mtumba wa miaka hiyo usio na vifuniko, ushone mwenyewe au uache. Na kwa kigari chochote, mkubwa akae mbali na mikono yake ionekane wakati unakunja. Umri wake huo ndio wa kutaka "kusaidia".

#15 NesiKusini
Jamani na lile la khanga. Naliona kila siku kliniki: kigari kimefunikwa khanga kuanzia paa hadi miguuni, eti jua. Khanga nyepesi namna gani inazuia hewa kuzunguka, joto la ndani linapanda na mtoto hawezi kukuambia. Kwa joto letu la Novemba hadi Machi hilo ni hatari hasa kwa kichanga. Kivuli kiwe cha paa lenyewe, au mwavuli uliobanwa pembeni, pande ziwe wazi. Nyakati za kutoka ni kabla ya saa nne asubuhi na baada ya saa kumi.

Mbu: chandarua cha wavu wa matundu ndiyo, kinapitisha hewa, na kusini malaria tunaijua. Kisiguse uso na kisilegee kiasi cha kuvutwa mdomoni.

Kigari kikikaa juani dakika chache, gusa kifungio na vyuma kwa nyuma ya mkono kabla hujamweka mtoto. Kitambaa cheusi na kifungio cha chuma saa saba mchana vinaunguza paja la mtoto.

#16 Baba_Chuno
Nimeelewa. Maswali mawili. Kile kibao cha kusimamia mkubwa nyuma ya kigari cha mmoja, vipi? Na kwenye bajaji?

#17 gurudumu_12
Kibao kwa mtoto wako bado. Lascal, wanaovitengeneza vile vinavyojulikana sana, wanaanzia miaka 2, na mtoto awe wa kusimama akishika bila kuachia. Wa mwaka na miezi minane anashuka kibao kikiwa kinakwenda. Jambo la pili, vigurudumu vya kibao ni vidogo kuliko vyote tulivyosema, na vipo karibu na miguu yako. Kwenye mchanga wa Chuno utakuwa unaburuta jembe. Kwenye lami ya Shangani na mtoto wa miaka miwili na nusu, sawa kabisa, na hapo ndipo kigari chako cha wawili kitakapostaafu. Ndiyo maana siungi mkono kutumia hela nyingi: ukihesabu, unakihitaji chini ya mwaka mmoja hadi mkubwa afikie umri huo.

#18 Msafiri_wa_Bajaji
Kwa upande wa bajaji: sehemu ya nyuma ya kiegemeo cha abiria ni finyu, kigari cha wawili hakiingii kikiwa na magurudumu. Chagua ambacho magurudumu ya nyuma yanatoka kwa kitufe. Ukitoa mawili ya nyuma, kigari kinapungua karibu sm 15 hadi 20 kwa unene. Fremu inalala mbele ya magoti ya abiria, magurudumu yanaenda nyuma. Pima pale miguuni kwenye bajaji unayoizoea kabla ya kununua, kisha pima kigari kikiwa kimekunjwa, pande zote tatu. Vya ubavu kwa ubavu vikikunjwa bado ni vipana, vinatokeza nje ya mlango na kugonga watu. Vya mwavuli vinaingia vizuri, ila ndiyo hivyo vya magurudumu madogo.

Usikubali kifungwe juu ya paa kwa mpira. Turubai la bajaji halibebi, na mpira ukikatika barabara ya Mikindani kigari kinaenda kwa aliye nyuma yako.

Kwenye basi la Dar hakuna shida, kinaingia buti. Toa magurudumu, funga fremu kwa kamba isijifungue, vyote ndani ya kiroba. Pini za magurudumu weka mfukoni mwako. Ndizo zinazopotea.

#19 Bi_Shangani
Kwa hiyo tumempa cha magurudumu matatu. Nakubali kwa shingo upande. Swali la mwisho la kwangu: matatu au manne? Matatu yakipita shimo kwenye kona na mzigo wote upande mmoja, yanayumba.

#20 gurudumu_12
Hoja yako ni ya kweli kwa cha ubavu kwa ubavu, kwa sababu uzito wa mkubwa unakaa nje ya mstari wa gurudumu la mbele. Kwa hicho cha mbele na nyuma watoto wapo kwenye mstari mmoja, matatu hayana neno, mradi kona zisikatwe mbio. Mchanga wenyewe unapenda matatu: njia moja ya kulimwa mbele badala ya mbili.

Tumia na kile kikamba cha kiganjani, kimefungwa kwenye mpini. Kama hakipo shona, maana magurudumu makubwa yenye beringi nzuri yanaondoka yenyewe hata pale unapodhani ni tambarare.

#21 Fundi_Magomeni
Kwa matairi ya upepo, Baba, kuna habari njema. 12½ x 2¼ ni saizi ya baiskeli za watoto. Ubavuni utaona pia 62-203, na hiyo 203 ndiyo kipenyo cha rimu kwa milimita. Tairi au tubu yoyote yenye 203 itakaa, iwe 47-203 au 57-203. Kwa hiyo fundi baiskeli yeyote wa sokoni anakuhudumia. Gurudumu la inchi 16 litakuwa 305, hiyo pia ipo.

Tubu agiza yenye vali iliyopinda, ikiwa spoku au mdomo wa rimu unabana pampu. Vali nene ni ileile ya pikipiki.

ONYO: usiende kwenye kompresa ya magari. Tubu hiyo ni ndogo, inajaa ndani ya sekunde moja au mbili, na mlio wake karibu na mtoto si mzuri. Pampu ya mkono tu. Kiwango cha juu kimeandikwa ubavuni mwa tairi, mara nyingi ni psi 30 au zaidi kidogo. Kwa lami jaza karibu na hapo. Kwa mchanga punguza hadi tairi linabonyea kidogo ukikandamiza kwa dole gumba, lakini rimu isiguse chini. Upepo ukiwa mdogo mno tairi linazunguka ndani ya rimu, linavuta vali na kuikata shinani. Pancha ya shinani haizibiki, unanunua tubu.

Beringi zina namba kwenye kifuniko. 608 ni shimo mm 8, nje mm 22, unene mm 7. 6001 ni mm 12, 28, na 8. Andika namba, chukua kwenye duka la vipuri vya pikipiki, chagua yenye vifuniko vya mpira pande zote. Ya chuma wazi haitamaliza masika.

#22 Mwera_halisi
Na chumvi! Sisi wa pwani, Lindi na Mtwara, chumvi ndiyo inayoua vigari. Ukitoka ufukweni, maji baridi yasiyo ya chumvi kwenye magurudumu, ekseli na maungio, kisha kausha kivulini. Usipake oili ya injini wala grisi kwenye maungio ya nje. Mchanga unanata humo na kugeuka msasa, ndani ya wiki chache ungio limelika. Silikoni ya kupuliza inatosha, futa inayobaki. Toa magurudumu mara moja kwa mwezi ufute ekseli, vinginevyo yanashikana na kutu na hayatoki tena siku unayotaka kuyapandisha kwenye bajaji.

#23 Baba_Chuno
Wakuu, nimerudi kwa muuzaji na sembe yangu, watu wamenicheka. Majibu:

Cha magurudumu matatu: upana sm 62. Nyuma inchi 12½, mbele inchi 12½, la mbele linafungwa. Kufuli la pili lipo. Kiti cha mbele kikilazwa simu inasoma nyuzi 14. Cha nyuma kinasoma 41. Kiti cha mbele kikiwa kimelala, kiegemeo kinaacha sm 19 mbele ya kiti cha nyuma. Breki imeshika dakika nzima. Mkanda mmoja wa bega umechakaa. Gurudumu la kushoto nyuma linakwaruza.

#24 NesiKusini
Nyuzi 14 safi, kichanga mbele. Mkubwa nyuma.

#25 Mwera_halisi
Hizo sm 19 ndizo za kuangalia. Mpeleke mkubwa mwenyewe, akae nyuma kiti cha mbele kikiwa kimelala. Magoti yakigusa kiegemeo, kila akipiga teke anampiga mdogo wake kichwani kupitia kitambaa. Kama kiti cha nyuma kina mahali pa kuwekea miguu panaposhuka ngazi mbili, shusha ya chini.

#26 Fundi_Magomeni
Mkanda na beringi ni vya kupunguzia bei. Chomoa gurudumu hilo mbele ya muuzaji, tazama ekseli. Kama ina mstari wa mkwaruzo unaokwama kwenye ukucha, ekseli nayo imeliwa, beringi mpya itacheza. Kama ni laini, soma namba ya beringi tu unipe hapa.

#27 Baba_Chuno
Ekseli laini. Beringi imeandikwa 6001. Mkubwa amekaa, magoti yamebakiza nafasi ya vidole vitatu baada ya kushusha pa miguu. Amepunguza elfu arobaini. Kimeondoka na mimi.

#28 Fundi_Magomeni
Nunua mbili, badilisha za gurudumu zima. Ya zamani ipigwe kutoka ndani hadi itoke, na mpya iingizwe kwa kusukumwa na bomba linalogusa ukingo wa nje wa beringi. Fundi akiipiga nyundo katikati, imekufa kabla haijatembea. Na mkanda wa bega ushonwe kabla mtoto hajapanda.